Plasta za Fundi Egesa

Siku yangu ya kwanza katika utafiti wa uvutaji sigara nilipimwa nikaonekana mvutaji, ingawa maishani mwangu sijawahi kutia sigara mdomoni. Kipimo chenyewe kilikuwa kidude cha ukubwa wa simu ya zamani, chenye mrija wa karatasi ngumu. Unavuta pumzi, unaizuia mpaka uhesabu kumi na tano, kisha unaipuliza polepole hadi kifua kiwe kitupu. Kinasoma ile hewa ya sumu ambayo moshi huiacha katika damu. Nikapuliza. Namba ikapanda, taa nyekundu ikawaka, na wenzangu wapya wakanitazama kama watu waliogundua kwamba mke wa mchungaji anakunywa chang'aa.

Aliyeniokoa ni Mzee Ochwo, msaidizi wa utafiti, Mjapadhola wa Mulanda aliyekuwa amevuta sigara ujana wake wote kabla ya kuacha.

"Asubuhi umepika na nini?" akaniuliza.

"Makaa."

"Mlango?"

"Niliufunga. Kulikuwa na mvua."

"Basi sista, kwanza jua hii. Mashine naona moshi. Haioni sigara."

Naanza na hilo kwa sababu ninyi mliokuja baada yangu mna vipimo vizuri zaidi, na kipimo kikiwa kizuri mtu huacha kuuliza amepika na nini.

Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, upande wa Kenya. Kazi ya kule ilinichosha kwa jambo moja hasa, nalo ni kumwambia mtu aache sigara. Nilimwambia mwenye kifua, nilimwambia mwenye shinikizo la damu, wote wakaitikia "ndiyo sista" kwa adabu. Baada ya chakula cha mchana niliwaona kule kwenye ua, dripu zikiwa bado mkononi, wakiwashiana. Niliamini hawana nia. Niliamini hivyo miaka mingi, na sioni haja ya kuficha, maana najua baadhi yenu mnaamini hivyo hata leo, ila mmefundishwa kutolisema.

Daktari Owori, aliyeuongoza utafiti kutoka Tororo, alikuwa akitafuta muuguzi anayejua Lusamia na Kiswahili wa kukaa katika chumba cha Busia. Alikuwa mtu mrefu, msemaji haba, aliyetafuna karanga mchana kutwa. Juma langu la kwanza nilitarajia anipe vitabu. Badala yake alinipeleka Malaba, tukasimama kando ya foleni ya malori.

"Unaona yale madirisha wanapogonga mihuri?" akaniuliza. "Malori yakizidi, wanafungua madirisha mengine na kuleta makarani wengine. Ubongo hufanya hivyo hivyo. Nikotini ikiingia kila siku, ubongo unaongeza mahali pa kuipokea. Sasa sema malori yamesimama leo, ghafla. Makarani wangapi watakaa bure?"

"Wote."

"Watakaa kimya?"

"Hawatakaa kimya."

"Huyo ndiye mtu aliyeacha sigara jana. Halali, hana subira, anasoma ukurasa mmoja mara tatu. Wewe unamwambia hana nia. Nia anayo. Ana makarani pia."

Plasta, akaendelea, ile inayobandikwa kwenye ngozi ikapitisha nikotini kidogo kidogo, ni kuleta malori machache, polepole, ili makarani wasifanye fujo wakati madirisha yanafungwa moja moja. Huchukua majuma mengi. Nikamuuliza kama yote hufungwa. Akala karanga mbili tatu kabla ya kujibu. Akasema madirisha hufungwa, lakini ubongo haukosi kukumbuka kwamba hapo palikuwa na biashara. Mtu hukaa mwaka mzima bila sigara, kisha harufu ya chai inamrudisha.

Utafiti wetu ulilinganisha plasta yenye nikotini na plasta tupu, na kila mshiriki alipata mazungumzo ya kila juma. Maboksi yalikuwa na namba tu. Mshiriki hakujua amepewa ipi, nami sikujua, wala Ochwo. Walielezwa hayo kabla ya kutia sahihi, na waliopata tupu waliahidiwa dawa ya kweli utafiti ukiisha. Majibu yalikuwa katika bahasha zilizofungwa, ndani ya sefu ya Daktari Owori. Bahasha ingefunguliwa kabla ya wakati pale tu mtu angeugua na tukahitaji kujua alichotumia.

Ochwo ndiye aliyenifundisha kuuliza. Nilikuwa nikiuliza "Unavuta sigara ngapi kwa siku?" na watu walinijibu namba nzuri nzuri, tano au sita.

"Wewe usiuliza ngapi," akaniambia. "Mtu nadanganya hesabu. Uliza saa ngapi. Naamka, sigara ya kwanza navuta lini? Hapo hawezi kudanganya, sababu hajui wewe natafuta nini."

Ni kweli. Anayevuta ya kwanza saa nne, baada ya kazi kuanza, ubongo wake una makarani wachache. Anayeivuta kabla hajanawa uso, makarani wake ni wengi, na usiku mzima walikuwa wakingoja. Swali hilo limo katika fomu zenu pia. Ochwo alilijua kabla ya fomu, kwa kuwa alikuwa amelijibu yeye mwenyewe.

Tulikuwa na mama mmoja mzee wa Mulanda ambaye pumzi yake ilikuwa safi kama ya mtoto, lakini mate yake yalipopimwa maabara yalijaa nikotini. Niliandika kwamba maabara imekosea. Ochwo akaenda kwake, akakaa naye akimenya mihogo, akarudi na kikopo cha ugoro. Mama alikuwa ameacha sigara kama alivyoahidi. Hakuna aliyemuuliza kuhusu pua. Nilicheka sana siku hiyo, na kucheka kwangu hakukunifundisha kitu, kama mtakavyoona.

Fundi Egesa alikuja kwetu akitembea kwa kisigino. Alikuwa Msamia wa miaka hamsini na mitatu, fundi cherehani pale Busia, mashuhuri kwa yale magauni ya gomesi. Wanawake walivuka kutoka Uganda kuja kushonewa naye, kwa sababu mabega ya gomesi zake yalisimama wima na hayakulala hata baada ya kufuliwa. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekwisha kupoteza vidole viwili, kwa kuwa mishipa ya damu ilikuwa imeziba. Daktari wa upasuaji alimwambia kwamba akiendelea kuvuta, safari ijayo hawatakata kidole.

Nikamuuliza swali la Ochwo.

"Ya kwanza?" akasema. "Hiyo navuta mguu haujagusa sakafu. Mama Sanda ananiwekea kiberiti juu ya kiti."

Mama Sanda, mkewe, alikuwa amekaa karibu naye, mikono juu ya mapaja. "Nisipoweka anaamka na matusi," akasema. Alilisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Daktari Owori alisita kumwingiza katika utafiti, kwa kuwa angeweza kuangukia plasta tupu. Lakini plasta za aina ile hazikuwa zikiuzwa mjini, na Egesa mwenyewe aliomba, kwa hiyo akapewa boksi lake. Plasta ya kwanza niliibandika mimi, juu ya mkono, karibu na bega. Nikamwambia, "Hivi, kila asubuhi." Kisha nikaita mwingine.

Juma la kwanza likapita, na la pili, na la tatu. Kila Jumanne alipuliza na kila Jumanne taa nyekundu iliwaka. Nilimuuliza, "Umebandika?" Akajibu, "Nimebandika." Nikaandika kwamba amebandika.

Jumanne ya nne akaninong'oneza. "Sista, hii plasta yangu ni ya bure. Jamaa tunayekaa naye kwenye benchi anasema yake inamwasha, na usiku anaota maajabu. Mimi sioni kitu. Hakuna kuwasha, hakuna ndoto."

Niliangalia mguu wake. Kidole cha tatu kilikuwa kimeanza kugeuka rangi.

Mama Sanda hakunong'ona. "Sista," akasema, "kama huu ungekuwa mguu wa kaka yako?"

Kabatini kulikuwa na boksi lililorudishwa na mshiriki mmoja wa Dabani aliyehamia Kampala. Mtu huyo alikuwa amelalamika kwa kuwashwa na kwa ndoto tangu siku ya kwanza. Nikafikiri kwamba boksi lile lina dawa, na la Egesa ni tupu. Ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwangu. Nikatoa plasta tatu, nikazifunga kwa karatasi ya bandeji, nikamfuata Egesa hadi nje ya lango.

"Bandika moja kila siku, begani," nikamwambia. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia aache zile zake za zamani. Niliona hakuna haja, maana niliamini hazina kitu ndani.

Nilijisikia mtu mwema jioni ile. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililopaswa kunishtua.

Kesho yake, kabla ya saa nne, Mama Sanda alimleta kwa pikipiki, amemshikilia kwa nyuma asianguke. Egesa alikuwa ameloa jasho, anatapika, na moyo wake ulikwenda mbio kiasi kwamba niliuona kwenye shingo kabla sijamgusa. Nikamlaza, nikamvua shati. Kulikuwa na plasta mbili, moja kila bega.

"Nilisema moja!"

"Moja ni ya leo," akasema kwa shida. "Nyingine ni ya kusukuma."

"Umevuta?"

"Mbili tu."

Nikabandua zote mbili, nikamwosha mabega kwa maji. Ochwo, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekuja Busia kuchukua fomu, akampigia Daktari Owori simu. Mimi nikamvua Egesa viatu na soksi, kwa mazoea tu, kwa kuwa mgonjwa wa mguu huangaliwa mguu. Juu ya unyayo, karibu na vidole vilivyokatwa, palikuwa na plasta yetu, imebandikwa vizuri, kingo zake zimelainishwa kwa ustadi wa mtu anayepiga nguo pasi.

"Na hii?"

"Si ndiyo ya kila siku."

"Umekuwa ukibandika hapa? Tangu mwanzo?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, ingawa alikuwa mgonjwa. "Sista, ugonjwa uko wapi? Si uko mguuni? Sasa dawa ya mguu nibandike begani niponye bega?"

Mguu ule ulikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Ngozi ilikuwa ngumu, na damu haikufika hapo ila kwa taabu. Kufika kwake ndiko tulikokuwa tukikupigania. Kama plasta ilikuwa na dawa, dawa hiyo haikuwa na njia ya maana ya kwenda ubongoni. Majuma manne nilikuwa nimemuuliza kama amebandika, na majuma manne alinijibu kweli tupu.

Kichefuchefu kilipoanza kupungua, Mama Sanda alifungua kifundo cha leso yake akatoa karatasi mbili tupu zilizokuwa zimefunga plasta zile nilizompa mumewe. Zilikuwa na namba ya mtu wa Dabani.

"Hizi nitupe?" akauliza.

Nikazipokea. Pipa la taka lilikuwa karibu na mguu wangu. Mama Sanda hakujua maana ya namba. Egesa alikuwa amefumba macho. Mtu angeweza kusema mgonjwa alizidisha dawa zake mwenyewe, na fomu ingekubali. Nilizishika karatasi zile kwa muda ambao sikuupima.

Ochwo alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa ameona kiasi gani. Hakuniuliza zimetoka wapi.

"Sista," akasema, "andika. Andika sasa, daktari hajafika. Akili ya mtu naoza haraka kushinda nyanya. Kesho utakumbuka mambo ingine."

Nikakaa nikaandika. Niliandika saa, idadi ya plasta, namba ya boksi, na maneno niliyomwambia Egesa nje ya lango, pamoja na yale ya kwamba asimwambie mtu. Karatasi mbili nikazibana kwa pini juu ya maelezo. Daktari Owori alipofika kutoka Tororo alimpima Egesa kwanza, akaridhika kwamba hatari imepita, kisha akasoma. Alisoma akiwa amesimama. Halafu akafungua bahasha ya Egesa, akanionyesha.

Lilikuwa boksi la dawa. Tangu siku ya kwanza.

"Ulikuwa na hakika yake ni tupu," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Haikumwasha."

"Ulimwangalia?"

"Sikumwangalia."

"Ulimwonea huruma," akasema, "lakini hukumvua soksi." Hakupaza sauti, wala sikumsikia akipaza sauti siku yoyote baada ya hapo.

Aliripoti kwa kamati ya maadili. Nilinyang'anywa ufunguo wa kabati hadi mwaka ulipoisha, na nikatakiwa kusoma maelezo yangu mbele ya wenzangu wote, Tororo. Niliyasoma. Kuna sentensi zinazosomeka vizuri kichwani lakini hazitoki mdomoni, na "usimwambie mtu" ni mojawapo. Sikufukuzwa. Nilidhani daktari amenihurumia. Miaka baadaye alinieleza kwamba alikuwa ameandaa barua mbili, na kwamba kama angezikuta zile karatasi pipani ningepewa ile nyingine.

Egesa akasimamishwa katika utafiti akatibiwa wazi. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Plasta ilibandikwa begani, upande mmoja leo na mwingine kesho, naye alivua shati mbele yangu kila Jumanne. Kwa ile sigara ya kabla ya mguu kugusa sakafu tulimpa chingamu ya nikotini. Chingamu hiyo hailiwi kama ya dukani. Unatafuna mpaka ikuchome ulimi, kisha unaiegesha kwenye shavu na kutulia. Mara ya kwanza aliimeza. Mara ya pili nilitafuna yangu ya kawaida mbele yake, naye akaniiga, tukakaa tumeegesha kama wajinga wawili. Mama Sanda akaondoa kiberiti juu ya kiti, akaweka chingamu. Alisema matusi yaliendelea siku tisa.

Zamani, kila alipomaliza kushona bega la gomesi, aliwasha. Tukakubaliana kwamba bega likiisha atembee hadi kwa muuza maji na kurudi. Daktari alifurahia hilo kuliko mimi, kwa sababu kutembea kunaifungulia njia damu ya mguu. Kidole cha tatu kilikatwa, tulikuwa tumechelewa. Mguu ukabaki. Taa ya kipimo ikaanza kuwaka njano, na Jumanne moja ikawaka kijani. Egesa akaomba arudie, akidhani mashine imeharibika.

Kisha shule zikafunguliwa, sare zikawa nyingi, na Egesa hakuonekana majuma mawili. Nikaenda dukani kwake. Aliponiona aliinama juu ya kitambaa kana kwamba kimemwita.

"Nimeanguka, sista."

Zamani ningeuliza ngapi. "Saa ngapi?" nikamuuliza. "Ya kwanza, unavuta saa ngapi?"

Akafikiri. "Baada ya chai ya saa nne."

"Sio kitandani?"

"Hapana. Kitandani sikumbuki tena."

"Basi hujarudi ulikotoka," nikamwambia. "Umerudi nusu ya njia. Jumanne uje."

Akaja. Alianguka mara nyingine moja baada ya hapo, alipomzika kaka yake, na akaja tena. Ninyi mtaona wengi wa namna hiyo, na fomu itawataka muandike "ameshindwa." Andikeni, kwa kuwa fomu ni fomu. Lakini mpeni tarehe ya kurudi.

Utafiti ulipoisha, bahasha zote zikafunguliwa. Matokeo yalifanana na yale ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuyaona kwingineko: dawa husaidia, haisaidii wote, na husaidia zaidi palipo na mtu wa kuuliza kila juma. Ochwo alistaafu akarudi Mulanda kwenye mihogo yake. Mimi nikaendelea, na kila muuguzi mpya aliyekuja alinikuta nikiwavua watu mashati, akadhani nina makosa ya kichwa. Nimewakuta waliobandika plasta juu ya moyo, waliobandika juu ya nywele za kifua, na mmoja aliyeibandika juu ya paketi ya sigara ili iipunguze nguvu. Wote walisema wamebandika.

Mwezi niliostaafu nilipitia dukani kwa Egesa. Sasa anavaa kiatu kilichotengenezwa maalumu, na cherehani ni ileile ya kukanyaga. Alinikaribisha kiti, akamaliza mshono aliokuwa nao, ndipo akanisalimia vizuri. Nikamuuliza kama sigara bado inamwita.

"Mchana, hapana," akasema. "Lakini naota. Naota nimekaa hapa hapa, nimewasha, navuta mpaka mwisho. Tamu, sista, sitakudanganya. Nikiamka najua nimeanza tena. Moyo unaruka."

"Halafu?"

"Halafu nanusa vidole. Kama ni ndoto, vinanuka mafuta ya mashine tu. Basi naamka, nakuja kazini."

Akaninyooshea mkono wa kulia. Nikainama nikavinusa kimoja kimoja, vyote vitano. Vilinuka mafuta ya cherehani.